Mwanya Kwenye Miyenzi

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Nimefagia uwanja. Nimefagia tena. Vumbi jekundu linarudi palepale. Shule nilimaliza Julai na jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoendelea. Niliisoma orodha mara nne. Tangu hapo nafagia.

Leo Baba amesimamisha cherehani akaniangalia kutoka barazani. Amesema kama nina nguvu za kufagia mara mbili, ninazo pia za kuutengeneza uwanja. Mvua zinakuja. Wateja watapita kwenye tope na kukanyaga vitambaa vya watu. Nimeuliza pesa itatoka wapi.

"Pesa hakuna, Zubeda. Tumia kilichopo."

Kilichopo ni mteremko, mawe, makopo ya maziwa ya unga, na jembe la Mama. Mama alifariki Mei. Jembe bado lina udongo alioulima yeye. Sijaukwangua.

Sijalia tangu Mei. Sijui kama ni kosa.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimeupima uwanja kwa hatua. Kumi na mbili kutoka lango hadi baraza, tisa kwa upana. Huku mtaani Gitega hakuna uwanja ulio sawa. Lango letu liko juu, kwenye kichochoro cha juu. Maji yote ya huko yanaingia kwetu, yanapita mbele ya baraza, yanashuka kwa jirani yetu, Mama Klodi.

Kati yetu na Mama Klodi kuna uzio wa miyenzi, ile mimea isiyo na majani, yenye utomvu mweupe. Mama aliupanda mwaka niliozaliwa. Akaacha mwanya, upana wa mwanamke aliyebeba beseni kiunoni. Humo ilipita chumvi, makaa ya moto, watoto, habari. Mimi siku hizi sipiti sana. Mama Klodi ananitazama kama mtu anayetaka kunikumbatia, nami sijui nifanye nini na mikono yangu.

Jioni mume wake amekuja kupitia mwanyani. Baba Klodi ni mtunza bustani kwa mzungu mmoja kule Kiyovu. Ametembea uwanjani, mikono mgongoni, kama daktari. Amesema jambo la kwanza si majani wala maua. Jambo la kwanza ni kuamua maji yapite wapi. Majani atayaleta yeye. Kila mwezi anakata kingo za pasiparumu, nyasi za kutambaa uwanjani kwa bosi wake, na yote hutupwa.

Nimeandika: maji kwanza.

Jumapili, 19 Septemba

Gunia la pasiparumu limefika jana. Vipande vyenye mizizi, bado vibichi. Niliogopa vitakauka. Nimevipanda vyote leo, shubiri moja kutoka kipande hadi kipande, toka lango mpaka uzio. Magoti yanauma. Mfereji nitachimba wiki ijayo.

Nilisimama barazani nikatazama. Nilikaribia kufurahi.

Jumatano, 22 Septemba

Mvua ya kwanza. Nusu saa tu. Hakuna kilichobaki.

Mama Klodi ameingia mwanyani na beseni kichwani na kichanga mgongoni. Beseni limejaa tope na pasiparumu yangu.

"Zubeda, bustani yako imekuja kututembelea. Imeingia mpaka jikoni. Tumeikaribisha chai, imekataa."

Baba amecheka barazani. Sijamsikia akicheka tangu Mei. Mimi nimeona aibu. Niliandika maji kwanza kwa mkono wangu mwenyewe.

Tumeosha vipande vyote pamoja, kimoja kimoja. Kichanga kimelala muda wote.

Jumamosi, 2 Oktoba

Siku tisa za mfereji. Unaanzia langoni, unafuata ukuta wa kulia, unatoka kwenye kichochoro cha chini bila kugusa nyumba ya mtu. Sakafu yake nimeipanga vigae vilivyovunjika. Uwanja nimeukata ngazi tatu, kila ngazi inashikwa na mawe niliyookota penye ukuta ulioanguka nyuma ya msikiti. Niliomba ruhusa. Waliniangalia sana. Mikono ina malengelenge, ila haiumi. Au inauma na mimi siko makini.

Baba Klodi amekuja na gunia la pili. Akaona ufito mmoja uliokauka kwenye uzio, akaung'oa kwa vidole viwili. Hauna hata mzizi.

Amenieleza. Muyenzi ukiukata, upande uliokuwa chini kwenye mti mama lazima uwe chini tena. Ukiupanda kichwa chini hautoi mizizi. Lakini haufi upesi. Una maji yake ndani, unakaa kijani nusu mwaka, unadanganya watu. Ndiyo maana ukikata unatia alama juu, kisha unalaza fito kivulini siku tatu utomvu ukauke, ndipo unapanda.

"Huu aliupanda mama yako," amesema. "Nilimwambia kichwa chini. Akasema mti unajijua wenyewe. Kila asubuhi alikuja kuuonyesha: tazama, kijani."

Amecheka peke yake. Nimeuchukua ule ufito mkavu nikaulaza chini ya kitanda changu.

Jumapili, 24 Oktoba

Pasiparumu imeshika. Inatambaa juu ya udongo kama uzi wa mshono, inashusha mizizi kila kifundo. Mvua tatu kubwa na haikusogea. Wateja wanapita juu ya mawe. Mwanamke mmoja amemuuliza Baba ni nani aliyemtengenezea. Baba amenyoosha kidole kwangu, nami nimeingia ndani.

Kwenye makopo nimepanda dodo, mchicha wetu wa huku, na vitunguu vya majani. Juu ya mfereji nimetia miche ya maua mekundu ya majani mapana aliyoleta Baba Klodi. Jina lake analijua kwa Kifaransa tu.

Redio siku nzima ni habari za Burundi, nchi jirani: rais wao ameuawa.

Kuna vijana wanaokaa mbele ya lango la Baba Klodi, kwenye kichochoro cha chini. Wana filimbi. Zamani walikuwa wawili, sasa ni saba au wanane. Hawafanyi kitu. Wanamtazama akitoka. Siku hizi anapita mwanyani, anavuka uwanja wetu, anatoka kwa lango letu la juu. Kila asubuhi saa kumi na mbili namsikia akikanyaga mawe yangu. Anakanyaga la kwanza, la tatu, la nne. La pili linacheza kidogo, analijua.

Ijumaa, 19 Novemba

Baada ya sala ya Ijumaa amekuja nyumbakumi, yule anayesimamia nyumba zetu kumi. Hakuleta nguo ya kushona. Amekaa, amekunywa chai, amesifu uwanja. Mimi nilikuwa nang'oa magugu karibu na baraza. Hakuna anayejali kama mimi nipo.

"Fundi, nyumba yako imekuwa barabara. Watu wanaingilia nyuma wanatokea mbele."

"Ni jirani, Mzee."

"Jirani, ndiyo. Shemeji yake yuko wapi, yule jirani? Watu wanauliza kama yuko msituni na waasi. Mimi nimewajibu fundi ni mtu wa cherehani yake, hana mambo. Usinifanye mwongo."

Alipoondoka Baba ameshona kwa muda mrefu bila uzi kwenye sindano. Nimeona.

Jioni amesema: "Ziba ule mwanya."

Nimesema ndiyo. Mimi husema ndiyo. Kisha nimesimama mbele ya mwanya nikahesabu. Zitaingia fito kumi na moja.

Jumatatu, 22 Novemba

Asubuhi Baba alikwenda sokoni kununua uzi. Nilichukua panga nikaanza kukata. Nilikata kwenye kona ya juu, mahali uzio ni mnene. Nilitia alama juu ya kila ufito kwa chaki ya Baba ya kushonea. Nilifanya vizuri. Ufito wa nane niliukata nikiwa nimeinua uso, utomvu ukaruka ukaniingia jicho la kulia.

Moto. Sina neno lingine. Sikupiga kelele, mimi sijui kupiga kelele, lakini nilianguka na makopo yakaanguka. Mama Klodi alikuja. Alipita mwanyani. Nilimsikia akisema usisugue, usisugue, mwana wanjye, mwanangu, akanikalisha chini, akanilaza kichwa mapajani, akafungua jicho kwa vidole. Akanikamulia maziwa yake ndani. Yalikuwa ya vuguvugu. Akakamua tena, na tena. Kichanga kikalia kwa sababu ya zamu yake.

"Nyamaza wewe," alikiambia. "Leo dada yako ananyonya kwa jicho."

Kisha akauliza nilikuwa nakata miyenzi ya nini.

Fito nane zilikuwa chini, kila moja na chaki yake. Ametazama fito, ametazama mwanya. Amenifunga jicho kwa kipande cha kanga yake, amekiweka kichanga mgongoni, amerudi kwake. Amepita polepole, kama mtu anayepima mlango.

Jumatano, 24 Novemba

Jicho bado jekundu, lakini naona. Baba amenipeleka zahanati. Mganga ameuliza nani alitia maziwa, akasema aliyetia ameliokoa jicho.

Tumerudi kwa miguu. Nilitumaini Baba atasema acha ule mwanya ulivyo. Hakusema. Amenikatia vipande vya bitana, mabaki ya suti, vya kufungia fito kwenye mti uliolazwa kukatiza uzio. Amezikata mwenyewe zile fito tatu zilizobaki, kofia imeshuka mpaka machoni.

Anaogopa. Sikuwahi kumwona Baba akiogopa. Nadhani mimi pia naogopa, ila haifiki juu.

Jumapili, 28 Novemba

Nimepanda. Kumi na moja, chaki juu, kina cha mkono. Nimefunga kila ufito kwa bitana, fundo gumu, mara mbili. Bitana ya kahawia, ya kijivu, moja ya bluu.

Upande wa pili Klodi alikuwa amechuchumaa ananitazama. Ana miaka minne. Nilipofika ufito wa mwisho aliingiza mkono kwenye nafasi iliyobaki akauliza yeye atapita wapi.

Nimemwambia atazunguka kwa njia. Amesema njia ina watu.

Nimemaliza. Baba amekuja, amejaribu kila ufito kwa mkono. Amesema kazi nzuri. Ni kazi nzuri.

Jumanne, 14 Desemba

Fito zimeshika. Ukivuta, udongo unavuta upande wake. Nane zimetoa vichipukizi, tatu bado.

Asubuhi hakuna anayekanyaga mawe. Jiwe la pili nimelitengeneza, halichezi tena. Sijui nimelitengenezea nani.

Pasiparumu imefika kwenye uzio. Mwezi huu gunia halikuja. Nakata kingo zangu mwenyewe sasa. Vipande nashindwa kuvitupa, naviloweka kwenye ndoo.

Jumatano, 19 Januari 1994

Wamempiga Baba Klodi.

Mbele ya lango lake, saa kumi na mbili asubuhi, akienda kazini. Nilikuwa namwagilia dodo. Nilisikia filimbi, kisha kitu kama mtu anakung'uta mkeka. Kisha sauti ya Mama Klodi. Walikuwa chini na mimi nilikuwa juu, na katikati kulikuwa na miyenzi. Nilikwenda mpaka kwenye uzio. Nilishika fito kwa mikono miwili. Fundo gumu, mara mbili. Nilizifunga mimi.

Nikazunguka kwa njia. Nilipofika vijana walikuwa wameshakwenda kukaa mbele kidogo, mmoja anakula muwa. Baba Klodi alikuwa ndani. Meno mawili hayapo, mkono wa kushoto hauinuki. Ameniona akajaribu kuuliza pasiparumu inaendeleaje.

Nimemwambia inaendelea vizuri.

Nimerudi nimemaliza kumwagilia dodo. Sikusikia chochote ndani yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Ungekuwepo mwanya angepita kwetu. Hiyo ni hesabu ndogo, hata mimi niliyekosa kwenye orodha naiweza.

Alhamisi, 20 Januari

Baba hakushona leo. Amekaa na kitambaa magotini. Saa tisa amesema, bila kuniangalia: "Nilifikiri watamwacha." Baadaye nimempelekea chai.

Nimeutoa ule ufito mkavu wa Mama chini ya kitanda. Nimeutazama kwa muda mrefu. Mti unajijua wenyewe.

Jumamosi, 5 Februari

Leo Baba alikwenda kupima nguo za harusi Nyamirambo, kwa siku nzima. Nimefanya hivi.

Nimechagua zile fito tatu zisizo na vichipukizi. Ziko pamoja, kuanzia jiwe jeupe. Nimefungua mafundo kwa meno na kucha. Nimezichimbua. Zilikuwa na mizizi, myeupe, mifupi kama nywele za kichanga. Nimeikata. Jicho nililifunga kwa kile kipande cha kanga, na jingine nililikunja. Nimezipaka majivu, utomvu ukanyamaza. Nimezilaza kivulini mpaka alasiri. Siku tatu sina. Kisha nimezirudisha kichwa chini, chaki ndani ya udongo. Udongo nimeulegeza kwa mchanga.

Nimefunga kama mwanzo, bitana zilezile, fundo gumu mara mbili, ili zisitofautiane na nyingine. Karibu nazo nimeweka kopo la vitunguu, mahali mkono wa upande wa pili unafika, na chini ya kopo wembe.

Ukitazama, uzio umezibwa. Zitakuwa kijani nusu mwaka.

Nilimtii Baba Novemba. Leo sikumtii. Nimetegemea kusikia tofauti. Nimeosha majivu mikononi.

Ijumaa, 18 Februari

Ramadhani, siku ya saba. Zamani Mama alipitisha bakuli la uji mwanyani kabla ya magharibi, kwa ajili ya Klodi. Leo nimepika uji wa Mama. Haukufanana. Nimezunguka kwa njia na bakuli chini ya mtandio. Vijana wameniuliza nampelekea nani. Nimesema mgonjwa. Mmoja amesema mgonjwa wa fundi yuko vizuri, anakula kila siku. Wamecheka.

Jikoni kwake nimemwambia Mama Klodi kwa haraka, kabla sijaogopa. Fito tatu kutoka jiwe jeupe. Hazina mizizi. Wembe uko chini ya kopo. Kwa upande wake atasukuma tu, akishakata.

Alikuwa anamnyonyesha mtoto. Hakuacha.

"Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Basi na mimi sijui."

Kisha akaniuliza jicho. Nikamwonyesha. Amelifungua kwa vidole kama siku ile, amelitazama juu na chini, amesema ni zima. Amenishika shavu. Safari hii nilijua mikono niiweke wapi. Niliiweka juu ya mguu wa kichanga.

Jumatano, 23 Februari

Siku mbili hatujatoka. Milio ya bunduki upande wa mjini. Baba amelaza cherehani sakafuni na kuifunika godoro, sijui kwa nini.

Mvua imenyesha. Mfereji umebeba yote.

Jumanne, 15 Machi

Idi ilikuwa jana. Baba amenishonea gauni la bitana na mabaki, kijivu na bluu, limekaa vizuri. Amesema uwanja huu Mama angeusimamia langoni siku nzima ili watu wauone. Nimesema ndiyo. Wageni wamekaa juu ya pasiparumu, viatu wamevivua wenyewe, hakuna aliyewaambia.

Nyumbakumi naye amekuja. Ametembea mpaka kwenye uzio, amegonga fito kwa fimbo yake, tok, tok, tok. Nilikuwa nimeshika sinia. Amegonga na lile jiwe jeupe, akageuka. Amesema fundi, binti yako anafaa kupewa kazi na serikali. Baba amecheka kidogo akamwongezea chai.

Sinia halikuanguka.

Jumapili, 27 Machi

Mvua tangu alfajiri, imeacha saa nne. Nimekata kingo za majani kwa mkasi wa zamani wa Baba. Nimepanga upya mawe mawili ya ngazi ya chini. Maua mekundu yametoa ya kwanza, moja tu.

Nimekwenda kukagua fito. Zote kijani. Nilitaka kuona kama zile tatu zinasogea, nikashika fundo la kwanza, la bitana ya bluu.

Si fundo langu.

Langu lilikuwa gumu, mara mbili. Hili ni la kuvuta, lile ambalo fundi anafungia kazi ambayo bado ataifungua. Ukivuta ncha moja linaachia lote. Nimetazama la pili. La tatu. Yote ya kuvuta, ncha zimeelekezwa upande wa Mama Klodi. Mengine nane ni yangu, magumu, mara mbili.

Chini ya kopo wembe haupo. Upo mkasi mdogo wa kukatia uzi, ule Baba anaoutundika shingoni. Umefungwa kwenye karatasi ya nailoni usipate kutu.

Barazani cherehani ilikuwa inakwenda. Sikuinua uso. Alikuwa anashona, na alikuwa anajua niko wapi.

Nimechukua ndoo nikamwagilia makopo, yote. Kwenye zile tatu sikumwaga maji. Kisha nimeingia kupika. Baba ameomba chumvi. Nimempa.